Baba aliliona jangwa kwa taa za lori tu: tumpangie safari ya namna gani?

Mama Mshauri, nakusalimu kwa heshima.

Mimi ni mtoto wa pili katika nyumba ya watoto wanne, ninaishi Kamalondo hapa Lubumbashi na ninafundisha shule ya msingi. Baba yetu ana miaka 69. Alikuwa dereva wa lori kwenye njia ya Walvis Bay, kule bandarini Namibia, tangu mwaka 2004, lilipofunguliwa daraja la Katima Mulilo, hadi mwaka 2019 macho yake yalipoanza kuchoka. Samaki wa Thomson ambao sisi wengine tuliwajua kwenye sahani tu, pembeni ya bukari, kwake walikuwa mzigo, na kwa mzigo huo tulisomeshwa sote wanne.

Kila aliporudi alitusimulia habari za jangwa, na kila mara alimaliza kwa neno lile lile: kwamba amelipita miaka 15 na hajawahi kulikanyaga. Alikuwa akipakia mchana na kuondoka jioni au kabla ya alfajiri, akauona mchanga kwa taa za lori na ukungu, basi, kwa kuwa tajiri wake alihesabu siku na mpaka wa Kasumbalesa ulihesabu siku nyingine. Kuna mlima mmoja wa mawe ambao hutaja mara kwa mara, wenye ncha, uliosimama peke yake upande wake wa kushoto alipokuwa amebeba mzigo, ambao jua lilikuwa likiugusa kabla ya kuigusa barabara. Jina lake halijui.

Sasa tumechanga fedha ili tumpeleke mwezi wa Julai, shule zikifungwa. Tuna siku 16. Watakaosafiri ni Baba, Mama, kaka yetu mkubwa, kitinda mimba wetu, mimi na mwanangu wa miaka 9. Shida ni kwamba hatuelewani. Kaka mkubwa ana Land Cruiser na anataka twende sote kwa barabara, kwenda na kurudi. Mdogo wangu anayeishi Kolwezi, ambaye amechanga ingawa hatasafiri, ametuma orodha ya mahali sita: korongo la Fish River, mji wa Kolmanskop uliozikwa na mchanga, matuta ya Sossusvlei, Swakopmund, pwani ya Skeleton na hifadhi ya Etosha, naye anasema tukiacha hata mahali pamoja tutajuta. Kitinda mimba anasema jangwa ni mchanga na mchanga hutazamwa siku moja, siku zilizobaki tukae Windhoek. Shangazi, dada yake Baba, anasema mgonjwa wa presha hapelekwi jangwani, na fedha hizo zingetengeneza bati la nyumba ya wazazi. Baba kweli ana presha na anakunywa dawa kila siku.

Tufanye nini, Mama? Tumsikilize nani?

Binti wa Dereva, Kamalondo

*

Binti yangu mpendwa,

Barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nilibaki kwenye ule mlima. Katika nyumba yenu kila mtu ana orodha yake, na mzee naye ana orodha yenye kitu kimoja tu ambacho hakijui hata jina, wala hakuna kati yenu aliyekiingiza katika mpango. Mlima huo, kwa jinsi anavyoueleza, ni Spitzkoppe. Uko kaskazini mwa barabara kuu itokayo Swakopmund kuelekea Usakos, kwa hiyo dereva aliyebeba mzigo kutoka bandarini huuona kushoto kwake. Ni jiwe la graniti lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100, kilele chake kina mita 1,728 juu ya usawa wa bahari na kimeinuka takriban mita 700 juu ya uwanda ulio tambarare kabisa, ndiyo maana jua hukiwahi kabla ya barabara. Umbali kutoka barabara kuu hadi chini yake ni takriban kilomita 30 tu za changarawe. Miaka 15 alikuwa akipita karibu nao kiasi hicho. Basi safari yenu ina kiini tayari, na mengine yote tuyapime kwa hicho.

Kabla ya njia, nimjibu kitinda mimba, kwa maana maneno yake ndiyo yanayoweza kuiharibu safari bila mtu kukusudia. Jangwa la Namib huifuata pwani kwa karibu kilomita 2,000, kutoka kusini mwa Angola hadi ndani ya Afrika Kusini, na mchanga ni sehemu yake moja tu. Kusini mwa mto Kuiseb kuna bahari ya matuta ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 2013, zaidi ya hekta milioni 3. Ukivuka mto huo kwenda kaskazini, matuta yanakatika kama yaliyokatwa kwa kisu, kwa sababu Kuiseb, ingawa hukaa mkavu sehemu kubwa ya mwaka, hupata mafuriko ya kutosha kuusomba mchanga unaojaribu kuvuka. Ng'ambo yake ni uwanda wa changarawe, mweupe, ambao mtu akitazama kwa haraka atasema hauna kitu, kumbe ndiko inakoota welwitschia, mmea wenye majani mawili tu maisha yake yote, na mingine yao imekwisha kuvuka miaka 1,000. Kisha kuna makorongo, kuna milima ya graniti, na kuna pwani ya baridi yenye ukungu, ambako heroe husimama kwa maelfu katika maji ya Walvis Bay. Hapa kwetu Lubumbashi tunapata mvua ya takriban milimita 1,200 kwa mwaka. Walvis Bay hawapati hata 20. Wanachokipata ni ukungu, unaozaliwa pale hewa inapopita juu ya mkondo baridi wa bahari uitwao Benguela, na mkondo huo huo ndio unaoinyima pwani mvua. Ule ukungu uliomsumbua Baba yako kwenye vioo vya lori ndio unaowanywesha viumbe wa huko: yuko mdudu mmoja mweusi anayepanda juu ya tuta alfajiri, akainua mgongo, akaacha matone yatiririke hadi mdomoni. Mwanao wa miaka 9 asiambiwe hilo sasa. Mwacheni alikute huko.

Mdogo wako wa Kolwezi ana moyo mzuri na orodha mbaya. Achukue ramani aone mwenyewe. Korongo la Fish River, lenye urefu wa kilomita 160, ni kubwa kweli, lakini liko zaidi ya kilomita 600 kusini mwa Windhoek, na Kolmanskop ni mbali zaidi, karibu na Lüderitz. Etosha iko upande wa pili kabisa, zaidi ya kilomita 400 kaskazini. Ukiviunganisha vyote sita kwa siku mlizo nazo, mzee atalitazama jangwa kupitia dirisha la gari linalokimbia, na hicho ndicho alichokifanya miaka 15. Kolmanskop inaniuma kuiacha, nakiri, kwa sababu sisi watu wa mji wa migodi tuna la kujifunza pale: almasi iligunduliwa mwaka 1908, na mtu aliyeiokota alikuwa mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, si wale waliotajirika nayo, mji ukajengwa kwa haraka, ukawa na hospitali na ukumbi wa tamasha, na kufikia 1956 watu wote walikuwa wamekwisha kuhama na mchanga ukaingia hadi vyumbani. Lakini hiyo ni safari nyingine. Mwambieni mdogo wenu, kwa upole, kwamba ataiongoza yeye.

Nilifanya kosa hilo mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, marehemu mume wangu na mimi tulikwenda Namibia kwa siku tisa na tukataka kuona kila kitu. Tulilala kila usiku mahali papya. Siku ya tano tulikuwa tumechelewa, tukaongeza mwendo kwenye barabara ya changarawe karibu na Solitaire, tairi likapasuka, gari likayumba na kugeuka lilikotoka, na Mungu akatusitiri halikupinduka. Tulikaa pale saa mbili tukisubiri mtu mwenye spana inayofaa. Katika saa hizo mbili, bila kupenda, tukaona jinsi rangi ya milima inavyobadilika kutoka kijivu hadi waridi, kisha zambarau, na kundi la choroa likapita mbele yetu bila haraka. Katika siku zote tisa ni saa hizo tu ninazozikumbuka vizuri, na mume wangu alizitaja hadi mwisho. Ndiyo sababu ninakusihi mkae mahali patatu, usiku mbili au tatu kila mahali, na msiongeze pa nne.

Sasa kuhusu njia ya kufikia. Kutoka hapa hadi Windhoek kwa barabara, kupitia Kasumbalesa, Ndola, Lusaka, Livingstone na Katima Mulilo, ni takriban kilomita 2,400. Mkienda kwa busara hizo ni siku nne, kurudi siku nne, na mpaka wa Kasumbalesa wenye malori yake haumwahidi mtu chochote. Siku nane kati ya kumi na sita zitakwisha barabarani, na mzee wa miaka 69 mwenye presha atazimaliza ameketi. Sikubaliani na kaka yako katika hilo. Hata hivyo gari lake linahitajika sana, kwa maana hizo kilomita tano za mwisho kuingia Sossusvlei ni mchanga mtupu, na magari madogo huachwa nyuma. Kwa hiyo ninapendekeza mgawanyike. Kaka mkubwa na kitinda mimba, ambao ni wawili na watapokezana usukani, waondoke na gari siku nne au tano kabla. Wazazi, wewe na mtoto mpande ndege Luano, mbadilishe Johannesburg, nao wawapokee uwanja wa Windhoek, ambao uko kilomita zaidi ya arobaini nje ya mji. Mkikata tiketi, ulizeni shirika la ndege kama hati zenu zinaruhusu kubadilisha ndege Afrika Kusini bila viza ya nchi hiyo, na jibu mlipate kwa maandishi.

Wavulana wawili hao nina maneno nao. Zambia na Namibia huendesha upande wa kushoto wa barabara. Ikiwa Land Cruiser hiyo ina usukani wa kulia kama magari mengi ya hapa kwetu, huko ndiko itakakojisikia nyumbani. Kadi ya njano ya bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inatumika Zambia, lakini Namibia ilikwisha kujitoa COMESA, kwa hiyo kadi hiyo huishia mpakani. Pale Katima Mulilo watalipia ushuru wa barabara kwa gari la kigeni, na bima inayolikinga gari lenyewe waitafute kabla ya kuondoka Lubumbashi. Baada ya Katima barabara hukata hifadhi ya Bwabwata, ambako tembo huvuka lami wanapotaka, na kutoka hapo hadi Windhoek kuna tandala na ng'ombe. Wasiendeshe usiku hata kidogo. Wasibebe nyama mbichi, kwa kuwa kati ya Rundu na Grootfontein kuna kizuizi cha mifugo na nyama kutoka kaskazini itachukuliwa hapo. Unga wa bukari wasihangaike kuubeba pia, Windhoek upo.

Hati ndizo zitakazowachelewesha, si barabara, kwa hiyo anzeni nazo wiki hii. Masharti ya viza kwa pasipoti za Kongo hubadilika, basi wanaopita kwa gari waulize ubalozi mdogo wa Zambia ulioko hapa Lubumbashi, na ninyi nyote muulize ubalozi wa Namibia, msikubali habari za mtu aliyekwenda mwaka juzi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano itaangaliwa kwa kila mmoja wenu kwa sababu mnatoka nchi yenye ugonjwa huo. Chanjo ya zamani inafaa, tangu mwaka 2016 imetambuliwa kuwa ya maisha yote, ila ambaye hajachanjwa achanjwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Mtoto abebe cheti cha kuzaliwa, na kama baba yake hasafiri nanyi, barua yake ya ridhaa iliyothibitishwa. Kuhusu fedha, randi ya Afrika Kusini hupokelewa Namibia kwa thamani ile ile ya dola ya Namibia, lakini dola ya Namibia ni vigumu kuibadilisha nje, kwa hiyo kinachobaki mkitumie kabla ya kuondoka.

Nimfikie Shangazi, ambaye katika orodha yenu ya wapinzani ndiye aliyesema jambo la maana kuliko wote. Hofu yake ya joto ingekuwa sahihi kabisa kama mngekwenda Desemba au Januari, maana Sossusvlei wakati huo huvuka nyuzi 40. Julai ni kipupwe. Mchana ni nyuzi ishirini na kitu, usiku hushuka karibu na sifuri, na mtu wa Lubumbashi anayeijua baridi ya asubuhi ya Juni hatashangaa sana, ila abebe koti zito, kofia ya sufu na blanketi. Kinachobaki ni presha yenyewe. Mpelekeni kwa daktari wake mwezi mmoja kabla, mmweleze waziwazi mnakokwenda, na kama kati ya dawa zake mna ile inayokojoza, mwulizeni aitumie vipi mahali ambapo hewa kavu hunyonya maji mwilini bila mtu kuona jasho. Dawa ziwe za siku 25 ingawa mnakwenda 16, nusu katika mkoba wa mkononi wa Mama na nusu kwako, pamoja na karatasi ya daktari yenye majina ya dawa hizo. Kwenye gari pawe na maji ya lita tano kwa kila mtu kwa kila siku, na Baba anywe kwa saa, asingoje kiu, kwa sababu wazee husikia kiu kwa kuchelewa. Hospitali ziko Windhoek, Swakopmund na Walvis Bay. Sesriem, penye lango la kuingilia Sossusvlei, iko mbali nazo zote, na hilo mlijue. Wale wavulana wanaopita Katima na Rundu wasisahau dawa ya kukinga malaria na chandarua. Jangwani na pwani hamtaihitaji.

Kuhusu bati, mwendeeni Shangazi nyumbani kwake, wewe na kaka mkubwa, mkampe tarehe. Mvua kwetu huanza kushika Novemba. Mkirudi mwisho wa Julai mna miezi mitatu ya kuezeka, na mkimwahidi mbele ya Mama kwamba kazi itaanza Agosti, tena mkamwachia sehemu ya fedha aishike yeye, nadhani atawabariki. Hakukosea kuulinda ukuta wa kaka yake.

Mkutanapo Windhoek, lalani hapo usiku mmoja tu, mnunue chakula, kisha mwondoke asubuhi kwenda Sesriem. Ni takriban kilomita 350, sehemu kubwa changarawe, na haziendeki chini ya saa tano. Sheria inaruhusu mwendo mkubwa kuliko busara. Kwenye changarawe msizidi kilomita 80 kwa saa, punguzeni upepo wa matairi kidogo, na kwenye mchanga mpunguze zaidi, mkiwa na pampu ya kuurudisha na matairi mawili ya akiba. Jazeni mafuta kila mnapoyaona, hata kama tangi lina nusu. Sesriem mkae usiku tatu, na muombe nafasi mapema sana kwa kuwa Julai na Agosti wageni ni wengi. Jitahidini mpate malazi ndani ya lango la hifadhi, si nje, kwa sababu walio ndani huruhusiwa kuondoka saa moja kabla ya jua kuchomoza, na walio nje hungoja lango. Saa ya huko ni sawa na ya Lubumbashi, lakini kwa kuwa mko mbali magharibi, jua la Julai huchomoza zaidi ya saa nzima baada ya la kwetu. Baba aliyezoea kuamka na jua atapumzika.

Asubuhi ya kwanza nendeni Deadvlei. Kutoka gari linapoishia ni mwendo wa kilomita moja na kidogo kwa miguu juu ya mchanga, na mzee anaweza kuutembea polepole akishikwa mkono. Mtakuta sakafu ya udongo mweupe iliyopasuka, imezungukwa na matuta mekundu, na juu yake miti ya migunga iliyokufa imesimama. Mto Tsauchab ulikuwa ukifika pale. Matuta yakauziba, miti ikakosa maji, na sasa ina zaidi ya miaka 600 tangu ife, haikuoza kwa sababu hewa haina unyevu wa kuiozesha, imeungua tu na jua ikawa myeusi. Msiiguse, wala mtoto asipande. Wekundu wa matuta ni chuma kilichoshika kutu juu ya chembe za mchanga, nao mchanga wenyewe uliletwa na mto Orange hadi baharini, ukasukumwa na mkondo na kupeperushwa na upepo hadi pale. Kadiri ulivyokaa mbali na bahari na kwa muda mrefu ndivyo ulivyoiva. Vijana watataka kupanda tuta liitwalo Big Daddy, waende. Baba na Mama wakae kivulini. Siku ya pili msifanye lolote hadi jioni, kisha mshuke korongo la Sesriem, ambalo ni la urefu wa kilomita moja tu na kina cha mita 30, lina ubaridi ndani na mzee anaweza kuingia kwa utulivu. Siku ya tatu rudieni mahali mlipopapenda.

Kutoka hapo hadi pwani ni kilomita 350 nyingine, kupitia Solitaire, kibao cha Tropiki ya Kaprikoni, na mteremko wa Kuiseb, ule mto niliosema unayakata matuta. Simameni pale daraja la mto. Katika bonde hilo la chini wanaishi Watopnaar, ambao tangu zamani huvuna tunda liitwalo nara linaloota juu ya mchanga. Watu wanaosema jangwa halina mwenyewe hawajawasikia. Walvis Bay itakuwa ya Baba. Mpelekeni hadi karibu na bandari kadiri wageni wanavyoruhusiwa, amwonyeshe mjukuu wake alipokuwa akipaki, alipokuwa akila. Laleni usiku mbili Swakopmund au Walvis Bay, mkiwa na makoti, kwani ukungu wa asubuhi hupenya mifupa. Mwenye nguvu ya kwenda kaskazini kidogo ataona sili kwa maelfu pale Cape Cross, ambako Mreno Diogo Cão alisimamisha msalaba wa jiwe mwaka 1486. Ni yule yule aliyefika mlangoni mwa mto Kongo mwaka 1482 na kusimamisha jiwe lake huko pia. Mtoto wako anasoma jina hilo shuleni.

Huko Swakopmund mtaona majengo ya Kijerumani yaliyopakwa rangi nzuri. Waambieni watoto, na wewe ni mwalimu, kwamba kati ya 1904 na 1908 Waherero na Wanama waliangamizwa na utawala uliojenga majengo hayo, wengi wakiwa wamefukuzwa jangwani upande wa mashariki wafe kwa kiu, na wengine wakafia katika kambi hapo hapo Swakopmund. Yako makaburi pembezoni mwa mji. Msimame kidogo.

Usiku mbili za mwisho ni za Spitzkoppe, chini ya tao la jiwe, ambako Wasan waliacha michoro yao kwenye miamba na ambako usiku hakuna taa ya mtu yeyote. Windhoek kutoka hapo ni safari ya nusu siku kwa lami.

Msimwambie Baba jina la mlima kabla hamjafika. Asubuhi mtakapotoka Swakopmund, mtakuwa mnaelekea upande ule ule aliokuwa akielekea amebeba mzigo, na katika gari lenye usukani wa kulia abiria wa mbele huketi kushoto. Mwekeni hapo, msafishe kioo cha dirisha lake, na kaka mkubwa aendeshe polepole.